Meli ni ya Kigoma, tiketi zinakatwa Florida

Waulize watu walioingia kambi ya Nyarugusu katikati ya mwaka 2015 walifikaje, na wengi watakutajia jina moja: Liemba. Mwezi Mei mwaka huo maelfu kwa maelfu ya Warundi walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika huko mpakani, mahali ambapo gari halifiki. Meli hiyo kongwe ilikuwa ikisimama majini, boti ndogo zinawapeleka watu hadi ubavuni mwake, inawapakia kama 600 kwa safari moja na kuwashusha bandari ya Kigoma. Kutoka hapo mabasi yakapanda nao milima kuelekea Kasulu, hadi Makere, ilipo kambi.

Sidhani kama wengi wao walijua kuwa wamepanda meli ambayo Wazungu wanaifahamu kwa sababu ya filamu. Na hata sisi wenyeji ni wachache tunaojua kwamba upande wa pili wa dunia kuna mji mdogo wa kisiwani ambao hadi leo unajipatia riziki kwa filamu hiyo hiyo, wakati Kigoma, wenye meli, hatujauza hata fulana moja ya maana. Mji huo unaitwa Key Largo, uko jimbo la Florida, Marekani.

Wiki hii tunautembelea mji huo kwa jicho la mkulima wa Kasulu na mchuuzi wa Kibondo. Si kwa kutamani ya watu. Mwaka 2023 Serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Brodosplit ya Kroatia kuikarabati Liemba, baada ya meli hiyo kukaa miaka kadhaa bila kubeba abiria. Meli inapofufuliwa, maneno huwa mengi: utalii, historia, wageni, filamu. Ni vizuri mwenye shamba ajue mapema ni lipi kati ya hayo litaingia mfukoni mwake na lipi litaishia kwenye hotuba.

Tuanze na meli yenyewe. Ilitengenezwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni. Ikafunguliwa vipande vipande, vikajazwa katika makasha yapatayo 5,000, vikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli ya kati hadi huku. Ikashushwa ziwani Februari 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto. Julai 1916 Wajerumani waliona Kigoma inawaponyoka, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mashine bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Malagarasi ni mto wetu. Mkulima wa Kasulu na wa Kibondo anaujua tangu ukiwa juu huku, kabla haujafika mabondeni. Kwa maneno mengine, maji ya milima hii ndiyo yaliyoificha meli hiyo kwa miaka minane. Mzungu anayeuza safari za kitalii angeweza kuishi kwa sentensi hiyo moja.

Mwandishi wa Kiingereza, C.S. Forester, alichukua habari za vita vile vya ziwani akatunga riwaya iliyotoka mwaka 1935, The African Queen. Ndani yake imo meli ya Kijerumani inayotamba ziwani, na mashua kuukuu ya mvuke inayosafiri kwenda kuizamisha. Mashua ndiyo yenye jina la kitabu. Meli inayowindwa ilitokana na hii yetu. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston akaja Afrika kuitengenezea filamu riwaya hiyo, akiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, watu waliokuwa na majina makubwa kuliko wote wakati ule. Bogart akapata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Kigoma hawakufika. Walipiga picha Congo, katika Mto Ruiki, kisha Uganda, kwenye Mto Nile karibu na maporomoko ya Murchison na huko Butiaba kando ya Ziwa Albert, halafu wakarudi Uingereza kumalizia studio. Karibu wote waliugua matumbo kwa maji machafu, na husimuliwa kwamba Huston na Bogart pekee ndio waliopona, kwa kuwa walikuwa wanakunywa wiski tu.

Butiaba ndiyo ya kuitazama kwanza, maana inafanana na sisi kuliko Florida. Ilikuwa bandari ya kweli, si mahali pa kuchezea filamu tu. Abiria na mizigo ya Uganda, Congo na Sudan vilipita pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ziwa Albert likajaa kupita kiasi, gati na maghala yakaharibika, bandari ikafa. Leo ni mwalo wa wavuvi. Mwigizaji maarufu kuliko wote duniani alisimama pale, kamera zikazunguka, na ziwa lilipopanda hakuna filamu iliyokuja kujenga gati.

Mashua iliyochezwa ndani ya filamu ilikuwa na bahati zaidi kuliko bandari. Ilikuwa imeundwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, ikabeba mizigo na abiria katika Ziwa Albert hadi mwaka 1968. Baada ya hapo ikauzwa, ikapita mikono mbalimbali, ikavuka bahari, ikaishia kutelekezwa kama mkokoteni uliovunjika ekseli. Mwaka 1982 mwenye hoteli mmoja wa Key Largo aliikuta Florida, akainunua, akaiweka mbele ya hoteli yake. Mwaka 1992 Marekani ikaiingiza katika orodha ya taifa ya mambo ya kihistoria. Mwaka 2012 ikafanyiwa ukarabati, na tangu hapo wageni wachache wachache wanapanda, wanazungushwa mferejini kwa saa moja na nusu hivi, wanalipa, wanapiga picha, wanashuka.

Fikiria jambo hilo, ndugu msomaji. Chombo cha maziwa yetu, kilichobeba magunia ya watu wetu kwa zaidi ya miaka 50, sasa kinalisha familia za huko. Hakikuibwa. Kiliuzwa kama chuma chakavu kwa sababu aliyekuwa nacho aliona chuma, na aliyekinunua aliona hadithi.

Sasa tuingie mjini. Key Largo ni kisiwa chembamba, cha kwanza katika mlolongo wa visiwa vinavyoshuka kusini mwa Florida. Kutoka Miami ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, barabara ikiruka kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa madaraja. Zamani mji wenyewe ulijulikana kwa jina la Rock Harbor. Mwaka 1948 ikatoka filamu iliyoitwa Key Largo, ya Huston huyo huyo na Bogart huyo huyo, kuhusu majambazi waliokwama hotelini wakati wa kimbunga. Filamu ikapendwa. Mwaka 1952 mji ukaacha jina lake la posta na kuchukua jina la filamu, moja kwa moja, ili mgeni akitazama ramani aone alichokiona sinema.

Kichekesho ni kwamba sehemu kubwa sana ya filamu ile ilipigwa studio, California, kilomita maelfu kutoka kisiwani. Hilo halijawazuia. Ipo baa kando ya maji inayojinadi mpaka leo kuwa ndipo filamu ilipopigwa, na watu wanaingia, wanaagiza, wanakaa wakitazama jua likizama. Mwenye baa hauzi pombe tu. Anauza kiti ambacho mgeni anaamini kina historia.

Nisingependa tuige uongo huo. Sisi hatuna haja nao, tunayo meli yenyewe na mto wenyewe. Ila kuna jambo jingine katika kisiwa kile ambalo linamhusu mkulima kuliko sinema.

Kabla ya utalii, Key Largo ilikuwa kisiwa cha mashamba. Mwishoni mwa karne ya 19 walilima mananasi kwa wingi, wakayapeleka kaskazini kwa meli. Vimbunga, ardhi iliyochoka na mananasi ya bei rahisi kutoka Cuba vikawaua kibiashara. Kulikuwa pia na ndimu, ndogo, kali, zenye mbegu, ndimu hizi hizi tunazozikamulia mchuzi wa samaki. Wamarekani waliziita kwa jina la visiwa vile, Key lime, na kinamama wa huko wakatengenezea aina ya keki laini ya maziwa mazito. Kimbunga cha mwaka 1926 kikang'oa miti mingi, wakulima wakahamia ndimu za aina nyingine, kubwa na zisizo na mbegu. Keki ikabaki. Mwaka 2006 jimbo la Florida liliitangaza rasmi kuwa keki ya jimbo.

Mgeni anayekwenda leo kuona mashua ya Bogart hawezi kuondoka bila kula kipande cha keki hiyo. Na ndimu zinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa zinatoka Mexico. Jina ni la kisiwa, keki ni ya kisiwa, faida ya mgahawa inabaki kisiwani, lakini tunda linaletwa na mkulima ambaye pengine hajawahi kusikia habari za Bogart, na ambaye anapata oda kila wiki, mwaka mzima.

Mimi nikiulizwa katika biashara hii yote ningependa kuwa nani, kwa hali ya mkulima wa Kasulu nitasema huyo wa Mexico. Mwenye mashua anategemea kumbukumbu za watu wazima waliomwona Bogart, na hao wanapungua. Ndimu inategemea tumbo.

Hapa nyumbani tunaliona jambo hilo Zanzibar. Kisiwa kinatembelewa, kinapigwa picha, na viazi, vitunguu na nyanya nyingi zinazopikwa katika hoteli zake zinavuka maji kutoka Bara. Rais Samia Suluhu Hassan aliposhiriki katika filamu ya The Royal Tour, iliyoanza kupigwa Zanzibar mwaka 2021 na kuzinduliwa New York mwezi Aprili 2022, watu wengi waliitazama kama jambo la Serikali na wenye mahoteli. Watalii walioingia nchini walitoka 922,692 mwaka 2021 hadi 1,454,920 mwaka 2022. Tusidanganyane, sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliokuwa wamefungiwa na corona kurudi barabarani. Mwaka 2019 tulikuwa tayari tumepita milioni moja na nusu. Lakini kila mmoja wao alikula. Swali ni nani aliyepeleka maharage jikoni.

Wapo wanaodhani fedha iko kwa wapiga picha wenyewe. Tuchukue mfano tu, wa kukadiria. Kampuni ya filamu inakuja mkoani Kigoma na watu 40, inakaa wiki tatu. Hizo ni siku 840 za mtu mmoja kula. Kila mtu akila robo kilo ya mchele kwa siku, ni kilo 210, magunia mawili na kidogo. Akila gramu 150 za maharage, jambo ambalo mgeni hawezi kulifanya kila siku, ni kilo 126. Gunia moja na kipande! Watakodi magari, watalala hoteli mbili tatu za mjini, watawalipa vijana kadhaa kubeba vyuma vyao, watalipia kibali cha Bodi ya Filamu Dar es Salaam, wataondoka. Mkulima wa Makere hata hatajua kuwa walikuja.

Hoteli ya vitanda 20, ambayo kwa wastani nusu yake imejaa mwaka mzima, ina siku 3,650 za kula. Kwa kipimo kile kile cha maharage ni zaidi ya magunia matano. Bado si biashara ya kumjengea mtu nyumba, lakini inarudi mwaka unaofuata, na hapo tayari tunazungumza habari za mkataba, si bahati.

Sasa iweke Liemba katika hesabu hiyo hiyo. Uwezo wake wa miaka yote ni abiria 600 na tani 200 za mizigo. Ikijaa, na safari ya Kigoma hadi Mpulungu ikachukua siku mbili, hizo ni siku 1,200 za kula kwa kwenda tu. Safari moja ya meli inakula kuliko kampuni ya filamu katika wiki tatu. Ni kweli wengine wanashukia njiani na wengine wanafunga chakula chao nyumbani, punguza hata nusu ukitaka. Safari ya kurudi itakufidia. Na tumboni mwake zile tani 200 ni magunia 2,000 ya kilo mia mia.

Hapo ndipo ulipo mfuko wa mkulima. Uko chini ya sitaha, na filamu iko juu ya sitaha.

Waliopanda Liemba wakati ikifanya kazi wanajua ilivyokuwa soko linaloelea. Vituo vingi pwani ya ziwa havina gati. Meli inapiga honi, boti zinakimbilia, magunia yanapandishwa kwa kamba, dagaa waliokaushwa, mahindi, mananasi, kuku, watoto, vyote kwa pamoja na kelele. Inapita vijiji vya Uvinza na Mahale, Kirando, Kipili, Kasanga, inaishia Mpulungu upande wa Zambia. Wanawake wafanyabiashara ndio waliokuwa damu ya safari ile. Iliposimama, mizigo haikufa, ilihamia maboti ya mbao, kwa hatari na kwa kujaza kupita kipimo. Barabara ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi, iliyojengwa kwa vipande kwa miaka mingi, ikavuta mazao kuelekea Kahama na Mwanza badala ya ziwani. Si vibaya. Lakini mkulima mwenye njia moja ya kuuzia hupangiwa bei na mwenye fuso.

Kwa hiyo mtu akinijia na wazo la kuigeuza Liemba kuwa meli ya watalii peke yake, vyumba vizuri, taa za rangi, picha za Bogart ukutani, nitamwuliza magunia 2,000 yatakwenda wapi. Wazo la namna hiyo si geni, limezungumzwa kwa miaka mingi ndani na nje ya nchi, wapo hata waliotamani irudi Ujerumani ikawe makumbusho. Kinachoifanya Liemba ipendwe na wageni ni kwamba inafanya kazi. Mgeni anayetaka meli iliyotulia, isiyobeba dagaa, anazo nyingi kwao. Ile mashua ya Key Largo ni nzuri, lakini imebaki kuzunguka mferejini kama punda wa kinu.

Vyote viwili vinaweza kukaa pamoja, mzigo chini na mgeni juu, kila mmoja kwa nauli yake. Hata mgeni wa daraja la kwanza akilipa mara kumi ya anacholipa mchuuzi, sawa tu, ilimradi nafasi ya mzigo wa mchuuzi isimezwe. Hili ni jambo la kuulizwa na madiwani na wabunge wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko, maana kwa kawaida habari za meli huachiwa watu wa mjini Kigoma, kana kwamba mzigo unaota bandarini.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niwe na wasiwasi na biashara ya wageni wanaokuja na kuondoka. Wakulima wa Makere na vijiji vya jirani hawahitaji kufundishwa habari hiyo na Hollywood. Wameishi nayo. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na baada ya wimbi la Warundi la 2015 ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Wateja wengi kiasi hicho, mahali pamoja, wanaohitaji mihogo, mboga, kuni na sabuni. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha badala ya chakula. Wauzaji walifurahi. Mwaka uliofuata mpango ukasimamishwa. Baadaye masoko ya pamoja kati ya wakimbizi na wenyeji nayo yakafungwa au kubanwa. Warundi walianza kurejea kwao kwa hiari kuanzia Septemba 2017, na mwaka 2021 kambi ya Mtendeli, Kakonko, ikafungwa kabisa.

Mchuuzi aliyekuwa amejaza stoo kwa kutegemea fedha zile za kambini anajua maana ya mteja anayeamuliwa na mtu mwingine. Siku moja yuko, siku ya pili kuna tangazo. Kampuni ya filamu ni hivyo hivyo, mradi ni hivyo hivyo, na utalii wenyewe, kama corona ilivyotuonyesha, una siku zake za kufa ghafla. Ndiyo maana tani 200 za kwenda Zambia, Congo na Burundi, ambako watu wanakula ugali na maharage kila siku bila kungoja filamu, zinanivutia kuliko tiketi za Florida.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba jina halina thamani. Lina thamani kubwa, tena ni bure, na ndilo ambalo Key Largo wametushinda. Pale Momella, Arusha, John Wayne na wenzake walipiga filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, akapapenda, akanunua mahali pale na kuishi. Leo ipo loji inayoitwa Hatari, na neno hilo la Kiswahili, ambalo sisi tunaliandika kwenye nguzo za umeme, linaleta wageni kulala.

Huku kwetu tuna Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960, na ambako filamu juu yake zimekuwa zikitengenezwa tangu miaka ile ya sitini hadi kifo chake Oktoba 2025 na zinaendelea kutazamwa. Tuna Mahale. Mgeni anayekwenda huko anapitia Kigoma, analala usiku mmoja au miwili, anaamka, anapanda boti. Kifungua kinywa anachopewa, asali iliyo mezani mara nyingi haina jina. Ingeweza kuwa asali ya Kibondo, kwenye chupa safi, yenye nembo ya TBS na karatasi inayosema nyuki hawa wanakula maua ya miombo ya Malagarasi, mto ulioificha Liemba. Chai ingekuwa na tangawizi ya Buhigwe na kahawa ingekuwa ya milima ya Kigoma, siyo ya unga wa kopo. Hakuna haja ya mfadhili kwa hilo, inahitaji kikundi cha watu kumi wanaoaminiana na ambao hawachanganyi asali na sukari guru. (Wapo wanaochanganya. Mgeni akionja mara moja, kikundi kizima kimekwisha.)

Mazao ya tumboni mwa meli nayo yana masharti yake, na hapa wengi wetu tutakwama. Maharage yanayovuka mpaka yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Mahindi yana historia ya kufungiwa mipaka pale Serikali inapoona njaa inakaribia, tuliona mwaka 2011 na tena 2017, na aliyekuwa na mzigo bandarini siku ya tangazo alibaki nao. Gunia la lumbesa, ambalo mlanguzi analipenda shambani, halitakubalika mahali ambapo mzigo unalipiwa kwa kilo. Na hilo kwa kweli ni jambo jema, maana ni mara ya kwanza mzani utakuwa upande wa mkulima. Mkulima mmoja mwenye magunia saba hawezi kukodi nafasi melini. Chama cha msingi chenye magunia 300 kinaweza, na kinaweza kuandika barua kwa kampuni ya meli kuuliza nauli ya tani moja hadi Kasanga na hadi Mpulungu kabla ya msimu, sio baada ya mavuno kujaa nyumbani.

Maharage ya msimu wa kwanza huku juu yanavunwa karibu na mwanzo wa mwaka, ya pili katikati. Ukitaka kujua kama Liemba ni ya kwako au ni ya watu wa filamu, ulizia bei ya tani moja kwenda Mpulungu, ulinganishe na bei ya fuso kwenda Kahama. Ukipewa jibu la maandishi, lenye mhuri, una meli. Ukipewa kalenda yenye picha yake, iangalie kwa furaha na uendelee kumtafuta mwenye fuso.